Kutazama Reli Fupi ya Mizigo Ikihudumia Kongani ya Viwanda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Reli fupi ni nini, na inatofautianaje na reli kubwa?

Reli fupi ni kampuni ya reli yenye njia chache, pengine kilomita kumi, pengine mia mbili, ambayo kazi yake ni kupokea mabehewa kutoka kwa kampuni kubwa, kuyafikisha mlangoni mwa kiwanda, kisha kuyarudisha yakiwa matupu au yakiwa na shehena mpya. Nchini Marekani kuna kampuni za aina hii takribani 600, na kwa pamoja zinahudumia karibu theluthi moja ya mtandao wa reli za mizigo wa nchi hiyo. Kampuni kubwa za daraja la kwanza zimebaki sita tu: BNSF, Union Pacific, CSX, Norfolk Southern, CN na CPKC, ambayo iliundwa Aprili 2023 baada ya Canadian Pacific kuungana na Kansas City Southern. Daraja la kampuni hupimwa kwa mapato yake ya mwaka, kwa kiwango kinachowekwa na Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu ya Marekani. Urefu wa njia wala ukubwa wa injini hauangaliwi.

Kwa mtazamaji, tofauti kubwa ni kwamba treni ya kampuni kubwa hupita mbele yake, lakini treni ya reli fupi huja kufanya kazi mbele yake. Husimama, hukata mabehewa, hurudi nyuma, huingia kiwandani, hutoka na behewa jingine. Mtu akikaa saa moja na nusu mahali pazuri ataona biashara nzima ya usafirishaji ikifanyika hatua kwa hatua, na hilo halionekani kwenye njia kuu hata ukikaa siku nzima.

Kwa nini Marekani ina reli fupi nyingi kiasi hicho?

Nyingi zilizaliwa kutokana na anguko la kampuni kubwa. Mwaka 1970 Penn Central, iliyokuwa imeshika njia nyingi za kaskazini-mashariki, ilifilisika. Serikali ya shirikisho ikaunda kampuni ya Conrail ili ichukue njia hizo, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 1976, na matawi mengi yaliyoonekana hayalipi yakaachwa nje ya mpango huo au yakafutwa baadaye. Sheria iliyobadilisha mambo zaidi ni ile iliyoitwa kwa jina la mbunge Staggers, ambayo Rais Jimmy Carter aliitia saini Oktoba 1980. Sheria hiyo ililegeza udhibiti wa nauli za mizigo, ikazipa kampuni uhuru wa kuingia mikataba na wateja, na ikarahisisha kuuza njia ambazo mwenye nazo hakuzihitaji tena. Wawekezaji wadogo, serikali za majimbo na hata wateja wenyewe wakazinunua au kuzikodi njia hizo.

Sababu yao ilikuwa rahisi kueleweka. Kampuni kubwa haipati faida kwa kupeleka injini na wafanyakazi kilomita thelathini ili kukusanya mabehewa manne. Kampuni ndogo yenye watu wachache, wanaomfahamu meneja wa ghala kwa jina na wanaoweza kurudi mchana ikiwa asubuhi mlango ulikuwa umezibwa, inaweza kuishi kwa mabehewa hayohayo manne.

Ni kongani ipi inayofaa kutolewa mfano?

Kongani, yaani maeneo yaliyotengwa kwa viwanda vingi, zipo nyingi, lakini Quonset iliyoko North Kingstown, katika jimbo la Rhode Island, inafundisha vizuri kuliko nyingine nyingi, na ndiyo itakayorejewa zaidi katika majibu haya. Zamani palikuwa kambi ya jeshi la majini. Kile kibanda cha bati chenye paa la nusu duara kilichosambaa duniani wakati wa Vita Kuu ya Pili kilibuniwa hapo mwaka 1941 na kikachukua jina la mahali hapo. Davisville, upande wa pili wa eneo hilohilo, palikuwa kituo cha wanajeshi wajenzi wa jeshi la majini. Kituo cha ndege za kivita kilifungwa mwaka 1974, maelfu ya watu wakakosa kazi, na jimbo likabaki na ardhi kubwa tambarare yenye bandari, barabara na reli.

Reli hiyo ya kijeshi ndiyo iliyookoa sehemu ya matumaini. Tangu mwaka 1978 kampuni ndogo ya Seaview imekuwa ikiendesha mabehewa ndani ya kongani, ikiyapokea Davisville kutoka kwa reli ya Providence and Worcester. Providence and Worcester nayo ina historia yake: ilijitoa mikononi mwa Penn Central mwaka 1973, ikajitegemea kwa zaidi ya miongo minne, kisha mwaka 2016 ikanunuliwa na Genesee & Wyoming, kundi linalomiliki reli fupi nyingi kuliko yeyote Marekani, na ambalo lenyewe lilianza mwaka 1899 kama reli ndogo ya kubeba chumvi ya mgodini katika jimbo la New York.

Jambo moja zaidi linaifanya Davisville ipendeze. Njia kuu inayopita hapo ndiyo inayounganisha Boston na New York, na katika jimbo hilo dogo treni za abiria za Acela hufikia kilomita 240 kwa saa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 jimbo lilijenga reli ya ziada kwa ajili ya mizigo kando ya njia hiyo, ili treni ndefu za mizigo zisiwe kikwazo kwa za abiria na mabehewa marefu ya kubebea magari yapate nafasi ya kupita. Kwa hiyo mtu anaweza kuona treni ya abiria ikipita kwa kishindo, na mita chache pembeni injini ya mizigo ikitembea mwendo wa mtu anayekimbia taratibu.

Treni hupita saa ngapi?

Hakuna ratiba inayotangazwa. Treni ya reli fupi hutoka wakati kuna mabehewa ya kupeleka, na mabehewa hupatikana baada ya kampuni kubwa kuyaleta mahali pa kukabidhiana. Treni ya kampuni kubwa ikichelewa usiku, asubuhi ya kampuni ndogo nayo huchelewa. Kwa kawaida kazi hufanyika siku za juma, mchana, kwa sababu maghala yanahitaji kuwa wazi na wafanyakazi wake wawepo, lakini hata hilo hubadilika kiwanda kikiwa na haraka.

Mtazamaji makini hujifunza kusoma dalili. Angalia uso wa juu wa reli pale inapokatiza barabara: ukiwa unang'aa kama umesuguliwa, magurudumu yamepita karibuni, ukiwa na kutu nyepesi ya rangi ya chungwa, zimepita siku kadhaa, hasa baada ya mvua, ukiwa na kutu nyeusi na majani yameota katikati ya mataruma, yaani mihimili iliyolazwa chini ya reli, tawi hilo halitumiki. Angalia pia mabehewa yaliyokuwepo jana mahali pa kukabidhiana. Yakiwa yamepungua, kazi imeshafanyika. Yakiwa yameongezeka na injini ya kampuni ndogo bado iko mahali pake pa kulala, subiri.

Kazi yenyewe hufanyikaje? Nitazame nini?

Mtazame kondakta kuliko injini. Wafanyakazi wa treni ya namna hii huwa wawili, mara chache watatu: dereva ndani ya injini na kondakta aliye chini, ambaye ndiye mwenye orodha ya mabehewa na ndiye anayeamua lipi liende wapi. Treni hukaribia tawi la kiwanda na kusimama. Kondakta hushuka, hutembea juu ya kokoto hadi kwenye pointi, yaani pale reli inapogawanyika njia mbili, hufungua kufuli, hunyanyua mkono wa chuma na kuuzungusha hadi reli mbili zinazosogea ziegemee upande wa pili. Kisha huinama kuangalia kama ncha ya reli imegusa sawasawa. Hatua hiyo ya kuinama huchukua sekunde mbili, na ndiyo inayozuia ajali nyingi za uwanjani.

Ndani ya tawi, karibu na njia kuu, utaona kipande cha chuma, mara nyingi cha rangi ya njano, kimelalia juu ya reli. Kazi yake ni kuliangusha behewa lolote litakaloanza kuserereka lenyewe, kwa sababu ni nafuu behewa litoke relini ndani ya uwanja wa kiwanda kuliko liingie njia kuu na kukutana na treni. Kondakta hukiondoa kabla ya kuingia na hukirudisha kabla ya kuondoka.

Kuunga mabehewa ni jambo la kutazamwa kwa utulivu. Kiungio kina umbo la ngumi iliyokunjwa nusu; angalau kimoja kati ya viwili lazima kiwe wazi kabla havijakutana. Injini husukuma polepole, chuma hugongana, pini hudondoka ndani na kufunga. Kisha dereva huvuta kidogo ili kuhakikisha kwamba viungio vimeshikana. Iwapo kondakta anatakiwa kuingia katikati ya mabehewa ili aunganishe mipira ya hewa ya breki, haingii kabla ya kuomba kinga kwa redio. Dereva hufunga breki, huweka usukani wa mwelekeo katikati, hukata umeme unaopelekwa kwenye mota za magurudumu, ndipo hujibu kwamba kinga imewekwa. Mipira ikiunganishwa na vali kufunguliwa, utasikia hewa ikipita kwa mlio mrefu kuelekea nyuma ya treni, behewa baada ya behewa, na viatu vya breki vikiachia magurudumu.

Ukiona bendera ya buluu imewekwa relini au kwenye behewa, ujue kuna watu wanafanya kazi juu yake, chini yake au ndani yake, na behewa hilo haliruhusiwi kuguswa. Wanaoweza kuiondoa ni kundi lilelile la wafanyakazi lililoiweka. Hata meneja akiwa na haraka ya namna gani, dereva halisogezi.

Kwa nini treni huenda mbele na kurudi nyuma mara nyingi? Je, wamekosea?

Hapana. Hiyo ndiyo sehemu yenye akili nyingi kuliko zote, na inafaa kuielewa vizuri kwa sababu ukiielewa hutachoka tena kutazama.

Tawi la kiwanda huungana na njia kwa namna moja kati ya mbili. Namna ya kwanza, treni hupita pointi, husimama, pointi hugeuzwa, kisha treni hurudi nyuma na kusukuma behewa ndani. Injini hubaki upande wa njia kuu na hutoka bila shida. Namna ya pili, tawi hufunguka kuelekea kule treni inakokwenda. Hapo injini iliyo mbele ikiingia na behewa nyuma yake, itafika mwisho wa reli na kujifungia ndani, kwa sababu behewa limekuwa mlangoni. Kwa hiyo ni lazima injini ihamie upande wa pili wa mabehewa kabla ya kuingia. Hutafutwa mahali penye reli mbili sambamba zenye pointi kila mwisho. Mabehewa huachwa kwenye reli moja na breki za mkono zikiwa zimefungwa, injini hukatwa, hupita kwenye reli ya pili, hurudi na kuyaunga kutoka nyuma. Sasa inasukuma pale ilipokuwa inavuta.

Ongeza hapo mahitaji ya kiwanda. Tuseme kiwanda kina milango minne ya kushushia mizigo na mabehewa manne yamesimama kwenye milango hiyo. La pili kutoka ndani limeshakuwa tupu, lakini matatu mengine bado yana shehena. Ili litoke hilo tupu, yote yaliyo mbele yake lazima yavutwe nje, tupu liwekwe pembeni, jipya liingizwe katika mpangilio, na yale ambayo hayajashushwa yarudishwe kila moja kwenye mlango wake uleule, maana la unga haliwezi kusimama penye bomba la mafuta. Kondakta mzoefu huipanga kazi hii kichwani kabla hajashuka, na tofauti kati yake na asiye na uzoefu inaweza kuwa saa nzima.

Ndani ya mabehewa kuna nini, na nitajuaje?

Umbo la behewa hueleza mengi. Behewa la mviringo lenye kuba ya valvu juu hubeba vimiminika: mafuta ya kupikia, sharubati nzito ya mahindi, kemikali, gesi iliyoshindiliwa. Behewa refu lililofunikwa, lenye matundu ya kumwagia chini, hubeba nafaka, saruji au chembe za plastiki. Lile lenye ukuta mmoja katikati na mbao zimefungwa pande zote mbili ni la mbao za ujenzi. Lililofungwa kama chumba chenye milango ya kuteleza hubeba karatasi, bia, vyakula vya makopo na chochote kisichopaswa kulowa.

Katika Quonset shehena ya kuangaliwa ni chembe za plastiki. Toray, kampuni yenye asili ya Japani, hutengeneza hapo filamu nyembamba za plastiki za kufungashia bidhaa, na malighafi yake ni chembe hizo. Behewa la chembe hugawanywa ndani katika vyumba, na kila chumba kina mdomo wake chini, ambapo mfanyakazi hufunga bomba na mashine ya kunyonya huzivuta hadi kwenye maghala marefu ya silinda. Mahali behewa lilipoegeshwa mara nyingi utaona chembe nyeupe zimetapakaa kati ya kokoto. Viwanda vinavyojali huzifagia, kwa sababu mvua huzipeleka baharini na samaki na ndege huzila; ukiwa mtazamaji, kutazama kama zimefagiwa ni kujua tabia ya kiwanda.

Kila behewa lina herufi na namba ubavuni. Herufi hutaja mmiliki. Zikiishia na X, mmiliki si kampuni ya reli bali ni mtu au kampuni binafsi, na mabehewa ya mafuta na ya plastiki karibu yote yako hivyo. Chini ya namba huandikwa uzito wa behewa tupu na kikomo cha mzigo, kwa ratili. Behewa la kisasa likijaa huwa na uzito wa ratili 286,000, karibu tani 130, na shehena yake ni sawa na ya malori matatu au manne. Bango la mraba lililosimama kwa kona yake, lenye namba ya tarakimu nne huonyesha bidhaa ya hatari: 1075, kwa mfano, ni gesi ya kupikia. Ukiliona, simama mbali zaidi.

Kwa nini inakwenda polepole namna hiyo?

Njia za Marekani nazo hupangwa kwa madaraja, tofauti na yale ya kampuni, kulingana na hali ya reli na mataruma, na kila daraja lina kikomo cha mwendo. Daraja la kwanza huruhusu treni ya mizigo maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16. La pili maili 25. Matawi ya kongani nyingi yako daraja la kwanza au chini yake. Zaidi ya hapo, ndani ya uwanja dereva huendesha kwa mwendo unaomwezesha kusimama ndani ya nusu ya umbali anaouona, kwa sababu behewa, lori au mtu anaweza kuwa nyuma ya kona.

Kuna tatizo kubwa zaidi nyuma ya jambo hili. Njia nyingi zilijengwa kwa mabehewa mepesi, na zile tani 130 huziumiza reli nyembamba na madaraja ya zamani. Kuzibadilisha kunagharimu fedha ambazo kampuni yenye wateja kumi haina. Ndiyo maana bunge la Marekani liliweka nafuu ya kodi kwa matengenezo ya reli fupi, iliyoanza mwaka 2005 na kufanywa ya kudumu Desemba 2020. Kwa maoni yangu ni fedha zilizotumika vizuri: taruma jipya kwenye tawi la kiwanda hulinda ajira za watu ambao hawajawahi kupanda treni.

Mbona injini ni za zamani?

Kwa sababu zinafaa. Injini ya GP38-2, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1972 hadi katikati ya miaka ya 1980, ina nguvu za farasi 2,000, ekseli nne na mitambo ambayo fundi mmoja aliyesoma vizuri anaweza kuitengeneza. Injini mpya za njia kuu zina ekseli sita na nguvu mara mbili, lakini ni nzito na ndefu kwa kona kali za kiwandani, na bei yake ingemeza mapato ya miaka mingi. Wapenzi wa treni husafiri mbali kuziona injini hizi za zamani, na wana haki. Lakini asiyezijua hata moja hajapoteza kitu cha msingi.

Nimesikia kuhusu ajali ya Lac-Mégantic. Inahusiana vipi?

Inahusiana moja kwa moja. Usiku wa tarehe 6 Julai 2013, katika mji wa Lac-Mégantic nchini Kanada, treni ya mafuta ghafi iliyokuwa imeachwa mlimani bila mtu iliserereka, ikaanguka katikati ya mji na kuwaka. Watu 47 walikufa. Kampuni ilikuwa ndogo, treni ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu, na breki za mkono zilizofungwa zilikuwa saba, chache mno kwa treni ya mabehewa zaidi ya 70 kwenye mteremko ule. Breki za injini zilishikiliwa na hewa, injini ikazimwa baada ya kushika moto, hewa ikavuja.

Ndiyo sababu nasisitiza kumtazama kondakta. Unapomwona akipanda ngazi ya kila behewa analoacha, akizungusha gurudumu la breki kwa mikono miwili, kisha akimwomba dereva asukume kidogo ili kupima kama mabehewa yameshika, usione kwamba anapoteza muda.

Nisimame wapi, na sheria inasemaje?

Simama mahali pa umma: ukingo wa barabara, njia ya waenda kwa miguu, maegesho ya duka baada ya kuomba ruhusa. Njia ya reli na ukanda wake ni mali binafsi, na kuingia ni kosa la jinai katika majimbo mengi. Katika Quonset kuna njia ya baiskeli inayoelekea Calf Pasture Point, nayo ni ya umma na salama.

Kaa mbali na reli kwa mita nane au zaidi. Behewa huzidi upana wa reli kwa karibu mita moja kila upande, na kamba au mkanda uliolegea huweza kuning'inia zaidi ya hapo. Usidhani kwamba behewa lililosimama litaendelea kusimama: injini ikilipiga la mwisho upande wa pili, mshtuko hufika kwako kabla hujasikia lolote. Usipite kamwe kati ya mabehewa mawili, hata kama nafasi ni pana. Kila kivuko kina kibao cha buluu chenye namba ya kivuko na namba ya simu ya dharura ya kampuni ya reli; kipige picha siku ya kwanza, na ukiona gari limekwama relini, piga namba hiyo kwanza.

Ukitaka kuwasalimu wafanyakazi, inua mkono taratibu. Kwa kanuni za reli, kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu karibu na njia ni ishara ya kusimamisha treni, na dereva atalazimika kuitii.

Naweza kupiga picha? Walinzi wakinijia nifanyeje?

Kupiga picha ukiwa mahali pa umma kunaruhusiwa. Hata hivyo kongani si mbuga. Quonset ina karakana ya Electric Boat inayotengeneza sehemu za nyambizi za jeshi, na uwanja wa ndege unaotumiwa na kikosi cha anga cha jimbo; huko usielekeze kamera. Mlinzi akikukaribia, msalimu, mwonyeshe treni unayoisubiri, jibu kwa ufupi, na akikuomba uondoke kwenye eneo lake, ondoka bila ubishi. Ndugu zetu wahamiaji wanaoulizwa maswali mara nyingi kuliko wengine hufanya vyema kwenda wawili wawili na kubeba kitambulisho. Inauma kulazimika kusema hivyo, lakini ni ushauri wenye faida.

Redio ya kusikilizia inasaidia?

Inasaidia sana. Mazungumzo ya reli Marekani yako kwenye masafa ya megahezi 160 hadi 161, na kusikiliza tu kunaruhusiwa katika majimbo mengi, ingawa baadhi huweka masharti kwa redio iliyo ndani ya gari. Utamsikia kondakta akihesabu: mabehewa kumi, matano, mawili, moja, simama. Hiyo ni hesabu ya umbali, kila behewa likichukuliwa kuwa futi 50, kama mita 15. Kondakta akinyamaza, dereva hana ruhusa ya kuendelea hadi mwisho wa hesabu. Lazima asimame ndani ya nusu ya umbali aliotajiwa. Ukishaielewa sauti hiyo utaona behewa linavyotii maneno ya mtu aliye mita mia mbili kutoka kwenye injini.

Honi ina maana gani?

Mbili ndefu, moja fupi, moja ndefu: treni inakaribia kivuko cha barabara. Kanuni ya mwaka 2005 inamtaka dereva aanze sekunde 15 hadi 20 kabla ya kufika. Milio mitatu mifupi wakati treni imesimama ina maana kwamba itarudi nyuma.

Je, Afrika Mashariki kuna jambo kama hili?

Matawi ya viwandani yapo. Industrial Area ya Nairobi na viwanda vilivyo kando ya Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam vilijengewa reli zao tangu zamani, na baadhi ya reli hizo bado zinaonekana chini ya vumbi na vibanda. Kinachotofautiana ni umiliki: kwetu shirika la taifa ndilo linaloendesha njia kuu na tawi kwa pamoja, ilhali Marekani kampuni mbili hukabidhiana behewa kwa hati. Mfano wetu ulio karibu na reli fupi ni njia ya kutoka Konza hadi Ziwa Magadi nchini Kenya, ambayo imeishi kwa shehena moja, magadi, kwa zaidi ya karne. Wanaopanga kongani mpya kando ya reli za kisasa wangefaidika kutazama jinsi behewa linavyofika mlangoni, kwa sababu reli inayoishia kilomita tano kabla ya kiwanda humwachia mwenye kiwanda gharama ya lori.

Kuna mabehewa yamekaa miezi bila kuguswa. Yameachwa?

Kwa kawaida hapana. Biashara ikipungua, wamiliki hulipia nafasi ya kuyaegesha mabehewa matupu, na reli fupi yenye njia isiyotumika huyapokea kwa malipo ya kila siku. Tazama breki zake za mkono na kipande cha njano mwishoni mwa safu, kisha andika herufi na namba za behewa la kwanza na la mwisho. Siku safu itakapopungua utajua kwamba mahali fulani kiwanda kimeanza tena kuagiza.